Fimbo Iliyoitwa Shahidi

Juzi binamu yangu alinifuata Mbeya na fimbo ya kuvulia samaki, kaiviringisha kwenye khanga kama mtoto mchanga. Kaja nayo kwa basi kutoka Igowole, maana ananijua: mimi kuvuka geti ni safari, na safari ni ugonjwa. Akailaza kwenye kochi, akaomba chai, akasema nyumba moja ya wageni kule kwenye mashamba ya chai inataka kuitundika ukutani. Ila mwenye nyumba anataka na kadi ya maelezo: fimbo ilitoka wapi, na kwa nini iliitwa Shahidi.

"Dada, wewe ndiye uliyelelewa kwa Babu," akasema. "Andika tu kitu kitamu, wageni wasome."

Kitu kitamu! Chai yangu ilipoa nikiitazama ile fimbo. Nawe rafiki yangu, kwa kuwa huwezi kunikatiza, ngoja nikuambie wewe kwanza.

Babu ujanani alimfanyia kazi meneja mmoja Mzungu wa shamba la chai. Kazi yenyewe ilikuwa kumsindikiza kwenye vijito vya Mufindi kuvua trauti, wale samaki wenye madoa. Meneja alipoondoka alimwachia fimbo nne. Zilikuwa za mwanzi, lakini usifikirie mwanzi wa kukata na panga. Huu ulichanwa vipande sita vyembamba, vikagundishwa pamoja, vikafungwa uzi wa hariri na kupakwa vanishi mpaka vikang'aa kama asali. Babu akishakunywa ulanzi wake, ile pombe ya mwanzi, alikuwa akisema, "Sisi mwanzi tunaugema, wenzetu wanauchana. Kila mtu na akili yake, ila ulanzi hauna miba."

Kila fimbo ilikuwa na jina. Nzito kuliko zote aliiita Mama Mkwe. Aliipokea kwa mikono miwili, na siku akitoka nayo hakutania wala kupiga mluzi njia nzima. Nyembamba, iliyonyooka, aliiita Karani, kwa sababu haikupenda matope na ilikula vidogo vidogo. Ya tatu ilikuwa Mpunga. Hiyo aliwahi kwenda nayo Ubaruku kwa shemeji yake, akanasa kambare mkubwa kwenye mfereji wa mashamba ya mpunga, na tangu siku hiyo ncha yake ilibaki imeinama kama suke lililoiva. Ya nne, Bi Harusi, haikuwahi kulowa. Ilikaa kwenye mfuko wake wa kitambaa ikingoja siku yake.

Jioni, harufu ya chai ikikaushwa kiwandani ikitushukia pamoja na ukungu, Babu alizitoa darini na kuzipangusa mojamoja. Mimi nilikaa miguuni pake nikizitaja majina. Aliniita mchumba wake. Bibi aliniita mke mwenzake, kama ilivyo desturi ya bibi na mjukuu, na tuligombea mume huyo mmoja mchana kutwa. "Mke mwenzangu, leo wewe ndiye wa kusonga ugali, mimi nimeolewa zamani nimechoka." Nilisonga. Ulikuwa na mabuja, na Babu aliula akiusifia.

Mwaka ule, mvua zimeshika, Babu alikwenda Iringa kumuuguza kaka yake. Bibi alikuwa anachuma chai tangu alfajiri, na shule tulikuwa tumefunga. Akanipa kazi moja tu ya likizo: kukata fito kwenye kichaka cha mianzi na kusimamisha maharage yake yanayotambaa, kule ng'ambo ya kijito. Kazi moja! Lakini kile kichaka kilikuwa na siafu, umande na viwavi, nami tayari nilikuwa huyu huyu unayemjua, mtu wa jikoni na blanketi. Nikakaa siku mbili nikijishauri. Siku ya tatu nikatazama juu darini.

Fimbo nne, nilipozitenganisha, zilitoa vipande kumi na kimoja. Nilivichomeka kwenye tuta moja, vimenyooka kama askari, nikajipongeza. Bibi aliporudi na kuuliza, nikamjibu maharage yamesimama. Hakuwa na sababu ya kuvuka kijito kwenda kuhakiki.

Babu alikaa kule zaidi ya mwezi. Mvua haikukatika hata siku moja. Naapa nilikusudia kuzing'oa kabla hajarudi, ila kila asubuhi ilikuwa na baridi yake.

Alirudi Ijumaa. Jumamosi akapanda darini, akashuka mikono mitupu. Hakuuliza mtu. Ni Bibi aliyesema, "Twende kwanza nikuonyeshe maharage aliyosimamisha mchumba wako," akitaka kumchangamsha. Tukavuka kijito watatu.

Maharage yalikuwa yamestawi, ndugu yangu! Yamepanda hadi juu, yamechanua. Na chini ya majani, gundi ilikuwa imeyeyuka. Karani alikuwa amefumuka vipande sita kama ufagio. Bi Harusi alikuwa amelowa mara moja kwa maisha yake yote, na hiyo ikatosha. Babu alipiga goti, akaanza kufungua mashina ya maharage yaliyojiviringisha, kidole kwa kidole, bila kukata hata moja.

"Nani kafanya hivi?"

Nikasema, "Bibi alinituma."

Ukilichunguza neno hilo, halina uongo. Ndiyo maana limenikaa miaka yote hii. Uongo kamili ningekwisha kuutubu.

Babu akamgeukia Bibi. "Mama, ulimtuma?"

"Fito nilimtuma."

"Hizi?"

Bibi akanitazama. Nikatazama vidole vyangu vya miguu. Kijito kilikuwa kinapiga kelele kama kilichoambiwa kisinyamaze.

"Nilimtuma mimi," akasema. "Sikujua zina thamani hiyo."

Alijua. Alikuwa akimshikia taa Babu kila alipozipangusa.

Babu hakupiga kelele. Alichofanya ni kutokula yale maharage. Msimu mzima. Bibi aliyapika kwa nazi ya dukani, akayapika kwa karanga, akayaweka mezani. Babu akavuta bakuli la mboga za majani, akala ugali wake. Kwetu mume kuacha chakula cha mkewe si jambo la kinywa tu, na majirani waliona. Mimi niliyala. Ningeyakataa ningeulizwa sababu.

Baadaye aliokota vipande vilivyopona katika zote nne, akavifunga kwa uzi wa Bibi wa kufumia, ikapatikana fimbo moja ya kiraka. Akaiita Shahidi. Watu wakimuuliza kisa chake, alijibu, "Shahidi ana siku yake ya kusema," kisha akaniomba maji ya kunywa. Mimi, siku zote. Hadi leo sijui alijua kiasi gani.

Bibi hakupanda tena maharage yanayotambaa. Alipanda mafupi, yasiyodai fito.

Nikiwa mtu mzima nilikwenda kumwambia, na khanga na sukari mkononi. Alikuwa barazani akichambua maharage. Nikaanza, "Bibi, zile fimbo za Babu..." Akanisogezea ungo. "Chambua, mke mwenzangu. Yale yenye wadudu weka pembeni." Nikachambua. Nikarudi Mbeya. Masika yaliyopita tulimzika kando ya Babu, na hakuna tena anayeniita mke mwenza.

Siku hizi fimbo za dukani ni za plastiki na zina namba badala ya majina. Kati ya wale waliokuwa wakimjua Karani nimebaki mimi peke yangu. Binamu yangu amelala chumba cha wageni, kesho anataka kadi yake. Nimechana tatu. Hii ya nne naiacha:

"Fimbo hii ni ya mwanzi, imeungwa kwa mabaki ya fimbo nne: Mama Mkwe, Karani, Mpunga na Bi Harusi. Ziliharibiwa na mjukuu aliyezifanya fito za maharage. Bibi yake hakumtuma."