Adela aliyeambiwa hafanani na manukato anayouza

Saa mbili na nusu asubuhi, maduka mengi ya Alexandria, Virginia, bado yamefungwa. Ndani ya stoo isiyo na dirisha, Adela Kokushubira anapasua katoni kwa kisu kifupi. Anatoa chupa moja moja, anaibandika kibandiko kinacholia mlangoni mtu akiiba, kisha anaipanga kwenye toroli. Ana miaka 54. Sare yake nyeusi imepigwa pasi ikanyooka na, kama kila siku, amejipulizia manukato shingoni na kwenye vifundo vya mikono.

Yananukia hata katikati ya vumbi la maboksi. Kwanza pichi lililoiva, halafu yasmini, halafu kitu kama waridi lililonyeshewa. Yanaitwa Odalina.

"Haya ndiyo niliyoambiwa sifanani nayo," anasema bila kuinua macho. "Andika hivyo hivyo, mwandishi. Sifanani nayo."

Saa nne duka litakapofunguliwa, toroli hii itasukumwa mbele na mtu mwingine. Tangu Machi mwaka huu Adela, aliyesimama kwenye kaunta ya manukato kwa miaka tisa, hatakiwi kuonekana na mteja.

Mzaliwa huyu wa Muleba, mkoani Kagera, alikuja Marekani mwaka 2008 kumfuata mumewe, Sebastian. Alianza kwa kufua mashuka ya hoteli, akahamia kwenye kibanda cha maegesho kukata tiketi, ndipo akapata kazi kwenye duka la manukato. Jina la kampuni hatulitaji, kwa kuwa shauri bado linaendelea.

"Mwanzoni niliogopa hata kutamka majina ya chupa," anasema. "Nikawa nafanya mazoezi jikoni. Nafumba macho, nanusa karafuu, nanusa limau, nanusa sabuni ya mche. Pua nayo inasomeshwa."

Akajitengenezea na mtindo wake wa kuuza. Hakumuuliza mteja umri wala bei aliyokusudia. Alimuuliza: unakwenda wapi na manukato haya?

"Mama mmoja alinijibu anakwenda mahakamani kuachana na mumewe. Nikampa yale ya limau, makali, yasiyobembeleza mtu. Alirudi baada ya mwezi akanikumbatia."

Odalina ilipoletwa mapema Machi, ilikuja na kadi ya kuwaelekeza wauzaji. Adela anaikumbuka kwa moyo: mvaaji wa Odalina ni binti mchangamfu, mwepesi wa kucheka, asiyebeba mzigo wa jana. Aliisoma, akaiweka kando, akaanza kuuza. Walinunua wauguzi waliotoka zamu, walinunua mabibi wenye wajukuu, alinunua mwanajeshi aliyemkosea mkewe. Katika wiki mbili za kwanza hakuna aliyeuza chupa nyingi kumshinda.

Wiki ya tatu meneja wake, Audrey, mwenye miaka 29, akamwita ofisini.

"Alianza kwa kunisifu," anasema Adela. "Mtu akianza kukusifu mlango ukiwa umefungwa, jishike. Akasema, 'Adela, wewe ni mtu wa heshima, mzito, kama mama. Lakini Odalina ni msichana. Mteja akikuona wewe kwanza, picha inaharibika.' Nikamuuliza, picha ya nani?"

Jumatatu iliyofuata jina lake lilikuwa kwenye ratiba ya stoo. Saa zake za kazi zilishuka kutoka 38 kwa wiki hadi 20, na ile asilimia ya mauzo aliyokuwa akiipata ikaisha palepale.

Anaweka kisu chini. Sasa ananitazama.

"Mimi nimemzika mama yangu kwa simu, nikiwa nimesimama kwenye korido ya hoteli. Nimejifungua kwa upasuaji, wiki ya sita nikarudi kazini. Leo mtoto wa juzi ananiambia sina wepesi! Wepesi ni nini? Mimi nikicheka nyumbani, jirani anagonga ukuta. Nani amewaambia mtu aliyebeba mizigo hapendi harufu ya matunda?"

Ninamuuliza kama Odalina inamkumbusha nyumbani. Anakunja uso.

"Watu wa magazeti mnapenda kusikia hivyo. Hainikumbushi kitu. Naipenda tu. Ni lazima niwe na sababu?"

Aliyewekwa kaunta badala yake ni Jelagat, Mkenya wa miaka 23 anayesoma chuo Fairfax. Kampuni ilitarajia angefurahi.

"Waliniambia, 'Jelagat, wewe uko na ile vibe.' Vibe gani?" anasema binti huyo. "Mimi kila kitu najua kuhusu perfume nilifunzwa na Anti Adela. Siku ya kwanza nilisimama hapo nikaona aibu, ni kama nimevaa nguo ya mtu."

Ni Jelagat aliyekaa na Adela kuiandikia kampuni barua ya malalamiko kwa Kiingereza. Majibu yalikuja baada ya mwezi na siku kadhaa, mistari miwili: mabadiliko yamefanywa ili kulinda haiba ya bidhaa.

Haiba ya bidhaa. Chupa ya kioo ina haiba ya kulindwa. Mwanamke aliyeiuza kwa miguu yake, viatu vikiisha soli, yeye hana.

Juni alifungua shauri kwenye ofisi inayosikiliza malalamiko ya wafanyakazi. Mwishoni mwa Julai pande mbili ziliitwa kwenye usuluhishi mjini Fairfax. Adela alipanda mabasi mawili kufika, Jelagat akaja kuwa shahidi.

Kampuni ilimtuma wakili, mwanamke wa miaka kama sitini, nywele nyeupe zilizokatwa fupi. Alieleza kwa dakika ishirini kwamba kila bidhaa ina mtu wake, na kwamba hakuna aliyemdharau Adela.

"Alipogeuza karatasi, upepo ukaniletea harufu," Adela anasimulia. "Nikajua. Nikamwambia, 'Samahani mama, umevaa Odalina?'"

Wakili akagusa shingo yake.

"Akasema, 'Ni zawadi ya mwanangu.' Nikamwambia, 'Yamekukaa vizuri sana. Ungekuja kwenye kaunta yangu ningekuuzia mimi, na nisingekuuliza kama umebeba mzigo wa jana.'"

"Anti alinyamazisha hiyo room yote," anasema Jelagat. "Mimi nilitaka kucheka na kulia wakati mmoja."

Msuluhishi aliomba wapumzike. Waliporudi, wakili hakumtazama Adela usoni, lakini alikuja na pendekezo: arudishwe kaunta, saa zake zirejeshwe, alipwe alichopoteza. Sharti lilikuwa moja, asaini karatasi inayosema hakuna kosa lililotendeka.

Adela aliisoma mara mbili, akairudisha mezani bila kusaini.

Nyumbani hakupokewa kwa shangwe. Sebastian anaegesha magari ya wageni hotelini, na kodi ya nyumba yao ni dola 1,900 kwa mwezi.

"Nilimwambia, mke wangu, saini. Karatasi ni karatasi, kodi ni kodi," anasema Sebastian. "Tukanuniana siku mbili. Siku ya tatu nikamuuliza vizuri, kwa nini? Akaniambia, 'Nikisaini, nitakuwa nimesema kwa mkono wangu mwenyewe kwamba Audrey alikuwa sahihi.' Nikaenda kuomba zamu ya Jumapili."

Tangu hapo Sebastian hajaimba kwenye kwaya ya kanisani. Anasema Mungu anaelewa.

Audrey alipotafutwa alisema haruhusiwi kuzungumza, akaongeza kwa sauti ya chini kwamba kadi ile hakuiandika yeye. Makao makuu ya kampuni hayakujibu barua pepe mbili tulizotuma.

Shauri litasikilizwa Novemba. Jelagat ametangulia kusema atatoa ushahidi, ingawa anajua huenda ratiba yake nayo ikaanza kupungua. Majirani wamemshauri Adela aache tu kazi, atafute duka jingine. Limeshapatikana moja, upande wa Maryland, linalomhitaji.

"Nikiacha leo wataandika kwamba niliondoka mwenyewe," anasema, akirudi kwenye katoni zake. "Watu wanadhani napigania kaunta. Kaunta ziko nyingi. Mimi nataka sentensi moja, iandikwe na kampuni, iwe na jina langu kamili: Tulimkosea Adela Kokushubira. Wasiongeze hata nukta. Nikishaisoma, hapo ndipo nitakaa chini niamue kama bado nataka kuwauzia manukato yao."