Stafu Namba Saba

Wembe ndio uliokuwa chombo changu cha kwanza cha uongozi. Mpimaji mgeni akiingia kwenye timu yangu, kabla hajaonyeshwa meza yake wala mahali pa kutundika koti, nilichukua penseli zake moja moja nikazikata vile vichwa vya raba. Wengine walicheka, wengine walininunia. Sikujali. Katika daftari la vipimo hakifutwi kitu. Ukikosea, unapitisha mstari mmoja juu ya namba ili anayekuja nyuma yako aweze kuisoma bado, unaandika iliyo sahihi pembeni, unatia sahihi yako na tarehe. Anayefuta ana jambo la kuficha, na mtu wa aina hiyo sikumtaka chumbani mwangu.

Ofisini walisema nina jeuri. Kweli ninayo, na mpaka leo sijaiombea radhi. Mwanamke mweusi kutoka Tanga, mwenye miaka thelathini na moja, anaongoza wapimaji watano Stockholm katika miaka ya sabini. Ulitaka niongoze kwa haya? Nilikuja kusoma, nikasoma, nikafaulu kuliko waliokuwa wakinieleza mambo polepole kama mtoto, na mkuu wa timu alipostaafu hapakuwa na mwingine aliyeijua kazi ile kunizidi. Wakanipa kwa shingo upande. Nami nikaipokea hivyo hivyo.

Kazi yenyewe ilikuwa kuzisaidia nchi za visiwa huko Pasifiki, zilizokuwa ndiyo kwanza zinapandisha bendera zao, zijipime zenyewe: kilima hiki kina kimo gani juu ya bahari, jiwe lile la alama liko wapi hasa. Wapimaji wa visiwani walipima kwao wakati wa kiangazi. Mvua zao zikianza, walikuja kwetu na madaftari yao tukakokotoa pamoja, na maskini walifika theluji ikiwa imefika magotini.

Mwaka ninaoukumbuka mimi alikuja mmoja tu. Tulimwita Mwalimu, kwa sababu alifundisha hesabu shule ya msingi kwao miaka mingi kabla ya kushika darubini. Alinipita umri kwa miaka kama kumi, mtu wa maneno machache, na koti la kuazima lililompwaya kila upande. Nilipomtolea wembe wangu siku ya kwanza aliuchukua mkononi mwangu, akazikata raba zake mwenyewe, akaniambia hata darasani kwake alikuwa akiwafanyia wanafunzi hivyo hivyo. Nikampenda hapo hapo.

Mwalimu alikuwa amepima kimo cha kilima kimoja, kuanzia jiwe la pwani mpaka kileleni, ambako serikali yake ilitaka kujenga tangi la maji ya hospitali. Alipanda akipima, akashuka akipima tena, kama inavyotakiwa. Alikuwa amebakiza ukaguzi wa mwisho tu apate cheti, na cheti hicho ndicho kingemfanya mpimaji wa kwanza wa nchi yake anayeruhusiwa kupima bila kusimamiwa na mgeni.

Ijumaa moja asubuhi mkuu wa idara aliniita. Huyu alikuwa Mswidi mtaratibu, ambaye kadiri jambo lilivyokuwa baya ndivyo sauti yake ilivyoshuka. Siku ile nililazimika kuinama kumsikia. Mezani aliweka karatasi mbili. Ya kwanza kimo cha Mwalimu. Ya pili kimo cha kilima kile kile, kilichopimwa baadaye kwa njia ya pembe, kwa mbali, kigingi kwa kigingi, na wapimaji wetu wawili waliopita huko. Tofauti ilikuwa sentimita thelathini, urefu wa rula ya shule.

"Lakini kupanda kwake na kushuka kwake vinapatana kwa milimita nne," alisema. "Mtu anayekosea kiasi hiki hawezi kupatana na nafsi yake kiasi hiki. Alipanda mara moja. Ya kushuka kaipika mezani."

Barua ilikuwa imeshaandikwa. Mwalimu asipewe cheti, serikali yake ishauriwe imwondoe kwenye upimaji, na kazi iliyobaki ifanywe na timu kutoka Uswidi. Ilibaki sahihi yangu tu, na aliitaka Jumatatu.

"Mwenyewe umemuuliza?"

"Ya nini kumwaibisha?" akanijibu, na naapa aliona anatenda wema.

Nitasema kweli yangu. Niliposhuka ngazi zile nilikuwa nimeshaamini nusu. Hesabu ilikuwa inamsuta, na mimi ni mtu wa hesabu. Kilichoniuma ni kwamba niliamini haraka hivyo. Nami nilipokuwa mwanafunzi niliwahi kuambiwa jibu langu limenyooka mno, nimelitoa wapi. Nikajiona nimevaa viatu vya yule aliyeniambia, na vimenitosha. Nikarudi juu, nikayabeba madaftari yote matatu ya Mwalimu pamoja na vimo vya wale wenzetu wawili, nikapanda nayo treni mpaka kwangu Vårby gård, nje kidogo ya mji.

Jumapili mchana ilikuwa zamu yangu ya chumba cha kufulia, kule chini ya ghorofa letu. Zamu ile ukiikosa unangoja wiki, kwa hiyo nilishuka na kapu la nguo na madaftari juu yake. Mashine zikawa zinazunguka, mimi nasoma.

Mwandiko wake ulikuwa wa mwalimu hasa. Namba alizokosea zilikuwa na mstari mmoja, sahihi na tarehe. Kurasa nyingine zilikuwa na madoa ya mvua. Na kwenye kituo cha kumi na nane wakati wa kupanda, pembeni, alikuwa ameandika kwamba nguruwe ameangusha kigingi, ikabidi wapime upya. Nikafungua daftari la kushuka nitafute mahali pale pale. Aliandika maneno machache tu: "Nguruwe yule yule."

Nilicheka peke yangu mle ndani mpaka nikaegemea mashine. Mtu anayepika namba mezani anataka amalize akalale. Hakumbuki nguruwe, na akimkumbuka hamwekei kinyongo. Nikajua kama ninavyojua jina langu kwamba mtu huyu alipanda kilima kile na akashuka kilima kile.

Basi kosa liko wapi? Nikachukua karatasi nikaanza upya. Sehemu ya tambarare, kutoka pwani mpaka mguu wa kilima, namba zake na za wenzetu zilikuwa sawa. Tofauti ilianzia mteremkoni tu, ikikua kituo kwa kituo, kidogo kidogo, kwa kipimo kile kile. Vituo sitini vya mteremko, mara sitini darubini ilisimamishwa. Sentimita thelathini ukizigawa kwa sitini ni milimita tano kila kituo.

Hapo nikaacha kucheka. Stafu ni ubao wa mita nne wenye namba, unaosimamishwa wima juu ya kigingi ili mpimaji ausome kwa darubini. Zetu zilikunjika katikati kwa bawaba. Kwenye tambarare unasoma nusu ya chini tu. Mlimani, kila kituo unasoma upande mmoja nusu ya juu na upande wa pili nusu ya chini. Bawaba ikiacha mwanya, nusu ya juu yote inadanganya, na inadanganya vile vile ukipanda na ukishuka. Ndiyo maana vipimo vyake vilipatana. Mtu alikuwa mwaminifu. Ubao ndio uliokuwa mwongo.

Juu ya daftari aliandika namba ya ubao wenyewe, stafu namba saba. Nikatafuta kichwani nani aliitoa ghalani. Niliitoa mimi.

Nilikumbuka yote. Bawaba ya zamani ilikuwa imelegea, mtunza ghala akaweka mpya. Sheria, sheria yangu mwenyewe, ilisema stafu iliyotengenezwa ipimwe kwa tepu ya chuma kabla haijasafirishwa. Ilikuwa Ijumaa jioni, sanduku la meli linafungwa, na mimi nilikuwa na wageni kutoka nyumbani Tanga waliokuwa wakinisubiri kwangu niwapikie pilau. Niliutazama ubao, nikauona umenyooka. Nikaandika kwenye kadi yake: umepimwa, uko sawa. Nikatia sahihi. Tepu sikuigusa.

Jirani yangu Mganda, mwanamke aliyekimbia kwao na sasa anafanya kazi jikoni hospitalini, aliingia na kapu lake akanikuta nimekaa nguo zimeshamaliza kuzunguka. Nikamweleza. Alinisikiliza mpaka mwisho huku akikunja shuka zangu.

"Dada, wachana na hiyo mambo," akasema. "Sisi hapa ni wageni. Huyo mwalimu atarudi kwao, ana shamba, ana watu. Wewe wakikutoa, utaenda wapi? Hawa hawakupendi kwenye hiyo kiti, na unataka kuwapa fimbo mkononi."

"Fimbo nimeitengeneza mwenyewe," nikamwambia.

"Basi ivunje, choma, nyamaza."

Alisema kwa kunihurumia, na nusu ya moyo wangu ilimkubali. Usinivike ushujaa nisiokuwa nao, niliogopa. Nilipanda na nguo zangu nikizihesabu siku nilizobakiza kwenye kibali changu cha kukaa.

Jumatatu nilikwenda moja kwa moja ghalani. Vyombo vya visiwani vilikuwa vimerudishwa kwa matengenezo, sanduku halijafunguliwa. Mtunza ghala, mzee wa Kiswidi asiyependa maswali, alilifungua, tukailaza stafu namba saba sakafuni, tukanyoosha tepu ya chuma. Milimita tano kwenye bawaba, wala si zaidi wala si pungufu. Mzee akanitazama, akaenda kwenye droo yake, akanikabidhi kadi. Mle ghalani baridi iligandisha wino, tuliandika kila kitu kwa penseli. Sahihi yangu ilikuwa pale, ya penseli, imekoza vizuri.

Nikaipeleka kwa mkuu. Alisoma, akazitazama hesabu zangu. Simwonei, alifurahi kwelikweli kwamba Mwalimu si mwongo.

"Kumbe ni rahisi," akasema. "Bawaba iliharibika melini. Bahati mbaya, si kosa la mtu. Barua naichana, cheti anapata."

"Haikuharibika melini. Ilitoka hapa ikiwa hivi, na mimi niliandika iko sawa."

"Kadi ni ya penseli," akasema, kwa sauti ya chini kuliko siku zote.

Tukatazamana. Niliona anavyonisogezea mlango, na ulikuwa mlango mzuri. Mwalimu apate cheti chake, mimi nibaki na kiti changu, meli ilaumiwe, na meli haina mama wa kulia. Lakini nilijua jambo moja ambalo yeye hakulijua. Mwalimu angerudi kwao na stafu nyingine sita kutoka ghala lile lile, zenye kadi zenye sahihi yangu, akiamini kila neno la kadi hizo, asijue kwamba sahihi ile imewahi kudanganya. Na wale wapimaji wawili waliopima baada yake wangebaki wakisema alipona kwa bahati.

"Nitalisema mbele ya wote," nikamwambia, "na kwenye barua ya kwenda kwa serikali yake liandikwe hivyo hivyo, nani alikosea na wapi."

"Ukifanya hivyo siwezi kukuachia timu."

"Usiniachie."

Nilitoka mle na kadi yangu mkononi.

Saa tatu, wakati wa kahawa, niliwaita wote chumba cha mikutano. Mkuu, wapimaji wote, mtunza ghala, na Mwalimu, ambaye mpaka dakika ile hakujua kwamba ameshtakiwa. Mkuu alianza kwa Kiswidi. Nikamkata kauli. Nikasema anayezungumziwa yuko humu ndani na Kiswidi hakijui, tutasema Kiingereza au hatutasema kabisa. Akabadilisha.

Nikawaambia kila kitu: tofauti, mashaka yao, barua, na kwamba mimi mwenyewe Ijumaa nzima nilimdhania mwizi wa namba. Nikainyoosha stafu mezani na tepu kando yake, nikataka kila mmoja aje asome kwa macho yake. Walikuja. Wale wawili walisoma mara mbili. Kisha nikaweka kadi pale pale, nikachukua penseli isiyo na raba, nikapitisha mstari mmoja juu ya "umepimwa, uko sawa", nikaandika pembeni: haukupimwa, una mwanya wa milimita tano, kosa ni langu. Nikatia sahihi. Nikawatazama mmoja mmoja mpaka wakainamisha macho. Mkuu akasema kwamba kuanzia Jumatatu ijayo timu itakuwa na kiongozi mwingine. Nikasema nimesikia.

Nikamgeukia Mwalimu. Uso wake sikuweza kuusoma, na nilikuwa tayari kwa lolote, hata matusi, maana alikuwa na haki nayo. Aliinuka na lile koti lake kubwa, akaja mpaka kwangu, akaiinua kadi akaisogeza karibu na dirisha. Alisoma maneno ya zamani chini ya mstari, akasoma mapya, akasoma sahihi zote mbili. Alichukua muda wake. Kisha akairudisha mezani mbele yangu, akaweka kidole kwenye nafasi tupu pembeni ya sahihi.

"Tarehe," akasema.

Nikaandika tarehe.