Tuta la Mtoto

Jirani yangu wa Uyole hulima viazi katikati ya makaburi ya wakwe zake, kwa sababu shamba lililobaki ni hilo tu. Zamani lilishuka mpaka barabarani. Wakagawiwa wana, wana wakawagawia wajukuu, na sasa mabati ya nyumba zao yamefika kwenye misalaba. Kila asubuhi, ukungu haujainuka, namsikia akibisha hodi makaburini. Anasimama, anasubiri, kisha anasema, "Asante, baba," na jembe linaanza. Vidole vyake vimezoea mpini, hata akinipa mkono havinyooki. Sauti yake ni ya chini, kama ya mtu anayeongea karibu na mgonjwa aliyesinzia. Kila msimu humega udongo kidogo kando ya kaburi, kiasi cha kiganja, na kila akimega huomba radhi. Kaburi la babamkwe wake limekuwa jembamba kama tuta, na viazi vya hapo ndivyo vikubwa kuliko vyote.

Juzi Eveline, mke wa mwanawe, alikuja kumwambia kwamba ana mimba tena. Jirani aliweka jembe chini, akalala chali kwenye mfereji kati ya makaburi mawili, mikono kifuani, macho wazi. Mabega yake yaligusa udongo huku na huku. Kisha akageuka taratibu, akalala ubavu, akapima kwa kiganja nafasi iliyobaki nyuma ya mgongo wake.

"Mkinizika hivi," alimwambia Eveline, akitabasamu, "mtoto anapata tuta."