Mwezi Nyuma ya Migomba ya Danstan

Tangu aletwe Kirushya, Marsiana hakuwa ameshika mwiko. Mwanawe Danstan alimfuata kule Nyamahanga, Biharamulo, baada ya jirani kumpigia simu kwamba mama yake kasahau sufuria ya kisamvu jikoni mpaka moshi umefika barabarani. Sufuria moja tu, tena kuukuu, lakini simu ya namna hiyo ikishapigwa hairudi. Danstan akaja na gari la kukodi, akapakia godoro, kuku na mama yake, safari ikawa ya Ngara.

Alipokelewa vizuri, hilo hawezi kulikana. Mkamwana wake, Nice, alimpa chumba chenye dirisha na kumchemshia maji ya kuoga kila jioni. Ila kila alipoinuka kuelekea jikoni alisikia, "Mama, pumzika." Akishika ufagio, "Mama, pumzika." Akivuta ungo achambue mchele, ungo unaondolewa mapajani taratibu, kama mtoto anavyonyang'anywa wembe. Na ufunguo wa jiko Nice aliuvaa shingoni kwa kamba, pamoja na rozari.

Marsiana aliyepika misiba na harusi za nusu ya Nyamahanga! Anayekumbuka majina ya wote aliokaa nao dawati moja, hata la yule aliyekuwa akiwaibia chaki! Leo anapumzishwa kama mgonjwa. Lakini kulikuwa na jambo lililomkaa kooni, ambalo hakumwambia mtu. Ile sufuria kweli aliisahau. Je, kama wana haki?

Sasa, watu wa kitongoji kile wana kawaida yao. Kiangazi, maharage yakishapurwa na baridi imekaza, siku mwezi unapojaa hupanda kilimani jioni kuutazama ukitoka. Jua linazama upande wa Burundi, mwezi unatoka upande wa Biharamulo, na wao wako katikati wamejifunika mablanketi. Kila nyumba hupeleka chungu cha maharage mapya, na haruhusiwi mtu kuonja mpaka mwezi uachane na ardhi.

Siku hiyo Nice alitakiwa awahi na akina mama wenzake kufagia kilimani, na maharage yake bado yalikuwa magumu. Akasimama mlangoni, akatazama chungu, akamtazama mama mkwe. Mwisho akavua ile kamba shingoni.

"Mama, yakiiva uyaepue, ufunge mlango, utufuate. Na moto, mama…"

"Moto mimi nimeujua wewe hujazaliwa."

"Ndiyo, mama. Lakini makapi ya maharage tumeyarundika pale ukutani kwa jiko, na upepo wa siku hizi unauona."

"Nauona. Nenda."

Alipika. Alitia kitunguu, akatia chumvi, akamalizia na kijiko cha samli aliyokuja nayo kutoka kwake na kuificha chini ya kitanda. Akafunga kofuli, akaweka kata ya majani ya mgomba kichwani, chungu juu yake, akapanda kilima bila kukishika kwa mkono. Watoto wakamwamkia, "Shikamoo bibi," naye akaitikia marahaba kama mtu mwenye kazi.

Alikuwa ameshaketi kwenye mkeka, ameshapokea sifa za harufu, ndipo lilipomjia. Moto aliuzima?

Akalitafuta jibu. Alikumbuka kuepua. Alikumbuka kofuli, jinsi lilivyogoma kidogo. Lakini kati ya chungu na kofuli palikuwa peupe, hapana kitu. Akayaona yale makapi makavu ukutani. Upepo ukapita ukamfunua kitenge, akahisi umepita kwanza jikoni kwa Nice.

Ashuke? Akishuka wataulizana anakwenda wapi. Na mbele ya kitongoji kizima atasema nini, kwamba amepewa ufunguo mara moja tu na hajui alichofanya? Kesho yake ataketishwa barazani na hatainuka tena. Akashika rozari yake. Kila Salamu Maria aliianza, hakuna aliyoimaliza.

Jua likazama. Watu wote wakageukia upande wa pili, kwenye mgongo wa kilima kidogo chenye migomba. Nyuma ya migomba hiyo ndipo ilipo nyumba ya Danstan. Marsiana naye akageuka. Akaona wekundu. Wekundu mzito, wa kutanda, unapanda nyuma ya majani ya migomba.

"Moto!" Aliruka kama msichana. "Jamani moto! Nyumba ya mwanangu inaungua!"

Danstan, kwa kusikia sauti ya mama yake, alikwishavunja tawi la kupigia moto na kukimbia hatua kadhaa. Kisha akasimama. Tawi likamning'inia mkononi. Ukingo wa mwezi ulikuwa umejitokeza juu ya migomba, mwekundu kwa vumbi na moshi wa nyasi zinazochomwa kiangazi, mkubwa kama ungo.

Wa kwanza kucheka alikuwa mzee Celestini, jirani yao, ambaye mdomo wake haujawahi kuwa na kofuli.

"Mama Danstan, usimzime! Huyo ndiye mgeni tuliyemngojea!" Watu wakashika mbavu. "Kwani kwenu Biharamulo mwezi hutokea wapi? Sokoni?"

Marsiana hakulelewa kunyamaza mbele ya mwanamume wa rika lake.

"Kwetu kuna uwanda, baba. Mwezi unauona tangu mbali, unakuja kama mtu mwenye heshima zake. Huu wenu unavizia nyuma ya migomba kama mwizi wa kuku!"

Safari hii walimcheka Celestini, naye mwenyewe akacheka zaidi yao.

Nice hakucheka. Alichuchumaa mkekani, akasema kwa sauti ya chini, "Mama, kwa nini ulidhani ni kwetu?"

Angeweza kudanganya. Lakini mkamwana alikuwa akimtazama machoni bila ukali.

"Sikumbuki kama nilizima moto."

Nice akainuka, akampa mkono. Wakateremka wawili, mwezi mbele yao, vivuli vikiwafuata nyuma. Marsiana alitamani hata atukanwe. Nice akapokea ufunguo; kofuli likagoma, likafunguka. Ndani giza. Nice akawasha tochi ya simu.

Mafiga yalikuwa yamesogezwa mbalimbali. Vichwa vya kuni vimelala kando, vimenyunyiziwa maji. Katikati, majivu yamelundikwa na kushindiliwa vizuri, na juu yake kimefunikwa kigae cha chungu kilichovunjika.

"Nani kafanya hivi?" Nice aliuliza. "Sisi hatufuniki hivi."

Marsiana akainama. Kwenye majivu, pembeni mwa kigae, palikuwa na alama za vidole. Akazitazama kucha zake kwenye mwanga wa tochi. Majivu yamejaa! Muda wote kilimani alikuwa ameshika rozari kwa mikono yenye majivu, asitazame.

"Ni mimi," akasema. "Kwetu upepo hauna kizuizi. Mama yangu asingetuacha tulale bila kufunika. Nimefanya kabla sijafikiri."

Akakaa kwenye kigoda, akacheka mpaka akajifuta macho kwa kitenge. Nice akainua kigae, akapangua majivu kidogo. Chini yake makaa yalikuwa mazima, mekundu.

"Kumbe yanadumu hivi? Mimi kila asubuhi nawasha kwa kiberiti."

"Ndiyo maana viberiti haviishi kuisha nyumba hii."

Nice akacheka, kwa mara ya kwanza jioni hiyo. Akayarudisha majivu, akakiweka kigae kama alivyokikuta. Mlangoni alifunga kofuli, akashika kamba ya ufunguo akiipimapima, kisha akamvika mama mkwe shingoni.

"Uji wa asubuhi upike wewe, mama. Mimi nitapumzika."

Walipofika tena kilimani mwezi ulikuwa juu, umeshakuwa mweupe, na chungu chao kilikuwa kitupu, kimekwanguliwa. Celestini alikuwa analamba kijiko.

"Nice, maharage haya umetia nini leo?"

"Muulize mpishi," Nice akasema. "Mimi sina hata ufunguo."

Marsiana akajivuta blanketi, akakaa vizuri, akautazama mwezi wa Kirushya kwa mara ya kwanza.