Pikipiki Yenye Kiki Ngumu

Kwetu Nyakitonto pikipiki inasifiwa kwa kiki. Ikikurudisha mguu, watu wanasema hiyo ina nguvu. Ndiyo maana kaka alimwambia fundi asage kichwa cha silinda, mafuta yabanwe zaidi humo ndani, ili ipande milima na magunia ya maharage bila kusukumwa.

Siku za kwanza ilipanda kweli. Halafu ikaanza kugonga kila mlima, kama mtu anatikisa kokoto kwenye kopo, mpaka ikachemka na kuzima njiani na mzigo. Kaka akasema pistoni inakufa.

"Ikifa naenda Kahama kutafuta kibarua."

Begi akalipanga, akalitundika ukutani. Mama alianza kumpakulia chakula kingi kuliko kawaida. Mimi kukaa tu nikisubiri siwezi.

"Kaka, pampu ya baiskeli ukiibana sana si inapata moto?"

"Ego, inapata."

"Basi na humo ni hivyo. Mafuta yamebanwa mno, yanajilipukia kabla ya plagi. Na haya ya chupa, yaliyochanganywa na mafuta ya taa, ndiyo hayavumilii kabisa."

"Umesoma fizikia, gunia hujabeba."

"Ndiyo nakuuliza wewe mbebaji. Ukiweka ya sheli ya Kasulu, inagonga vilevile?"

Akafikiri. "Afadhali kidogo."

Tulipomrudia fundi, alitucheka. "Wenzenu wanataka nibane, nyie mnataka nilegeze." Lakini akaweka gasketi mbili badala ya moja, kichwa kikainuka kidogo, na kaka akajaza petroli ya sheli. Kiki ikawa laini. Vijana wa kijiweni wakasema hiyo sasa ni ya kumpeleka bibi kanisani.

Kurudi nyumbani nilikaa nyuma, juu ya gunia la mbolea, masikio yote kwenye injini. Ilipanda polepole mpaka nikatamani kushuka nitembee. Juu kabisa kaka akazima, tukasikiliza upepo tu.

"Imezeeka," akasema.

"Lakini haigongi."

"Haigongi." Akacheka peke yake, akapiga kiki tena.

Jioni baridi ilipoanza, alishusha begi, akatoa sweta lake, akalivaa. Begi akalitupa uvunguni. Mama aliona. Usiku huo alimpakulia kama sisi wengine, na kaka akalalamika kwamba ugali ni mdogo.