Fundi Majira na Mtondogoo wa Pili

Kama umewahi kupeleka kitu kwa fundi, huhitaji kuelezwa. Awe wa cherehani, wa redio au wa viatu, utaambiwa njoo kesho, na hiyo kesho utamkuta anakutazama kana kwamba ndiyo kwanza mnaonana. Lakini Fundi Majira, fundi wa saa, hakuwa mtu wa kesho. Kesho, alisema, ni neno la mafundi wazembe, mteja analikumbuka mno. Yeye alikuwa na lake.

“Njoo mtondogoo.”

Haya, piga hesabu basi ukiwa umesimama juani. Kesho, keshokutwa, mtondo, halafu ndiyo mtondogoo. Mmoja anaanza kuhesabu na leo, mwingine anairuka keshokutwa, wa tatu halijui hilo neno kabisa ila anaona haya kuuliza, anaitikia “sawa, fundi” na kwenda zake. Matokeo yake wateja walikuja siku yoyote isipokuwa siku yenyewe. Aliyewahi aliambiwa umewahi. Aliyechelewa aliikuta saa yake imekwisha zamani, imepanguswa, inatembea, na fundi amenuna kwamba mnanijazia kabati na vitu vyenu. Miaka yote ile hakuna aliyepata kumwita mwongo. Huo nao ni ufundi, msiudharau.

Chumba chake cha kazi kilikuwa chembamba, kimebanwa kati ya kinyozi na duka la magodoro, na ukutani saa za kila namna zilikuwa zikibishana. Meza moja, taa moja ya kuinamisha shingo, kile kioo kidogo cha kubana kwenye jicho, na kigoda kifupi ambacho wateja walikatazwa kukikalia. Kigoda kilikuwa cha Kitinda. Ndivyo walivyomwita binti yake, kitinda mimba, mtoto wa uzeeni, aliyekuja wakati mkewe ameshagawa nguo zote za watoto. Baada ya shule Kitinda aliketi hapo akichagua skrubu ndogo kuliko punje ya mchanga, na baba akiwa anakula, yeye ndiye aliyepokea wateja. Hajafikisha urefu wa meza anamtazama mtu mzima machoni: “Njoo mtondogoo.” Baba yake alikuwa nusura apaliwe na chakula kwa kicheko.

Walipendana hao, nawaambieni. Ndiyo maana yaliyotokea yalimuuma mzee hivyo.

Kitinda alipokua hakushika saa, alishika kompyuta. Akakodi chumba juu ya duka moja na mwenzake, bwana mmoja mnene mpole aitwaye Kodi, si kwamba anadaiwa ya nyumba, ila kwa kuwa kazi yake ni kuandika kodi za kompyuta, yale maagizo yanayoiambia mashine ifanye nini. Wakatengeneza gemu. Ya kupiga risasi, ya namna ile ambayo mwenyewe hujioni: unaona mikono miwili na bunduki mbele yako, na ulimwengu mzima unakujia usoni. Ila bunduki yao haikutoa risasi, ilitoa dakika. Ukimpiga mtu dakika za mbele, anazeeka palepale. Ukimpiga za nyuma, anarudi utotoni. Jemadari anakuja na upanga, unampiga, mara ameketi chini, kofia ya chuma imemfika mabegani, analia abebwe. Jitu la miraba minne linakukimbilia, unalipiga, linasimama katikati ya vita linauliza nani kaficha miwani yake.

Unasafiri kutoka zama hadi zama kwa mtambo mbovu, na wa kuutengeneza ni mmoja tu: fundi saa mwenye miwani mizito, suruali kaipandisha mpaka kifuani, ambaye kila ukimwendea anakujibu bila kuinua kichwa, “Njoo mtondogoo.”

Na hapo Kodi akakosea. Neno lenyewe hakuwahi kulisikia na aliona haya kuuliza, si nimewaambia? Akadhani mtondogoo ni huko mbali, zama zisizojulikana, akaandika miaka mia nne. Basi mchezaji akiambiwa njoo mtondogoo, badala ya siku nne mtambo unamrusha miaka mia nne mbele, anatua kwenye mji wa vyuma unaopaa, na fundi yupo palepale kwenye kiti kilekile anamwambia, “Umewahi.” Kitinda alipoliona kosa hilo alicheka mpaka akakaa sakafuni. Wakaliacha, na ndilo lililoiuza gemu. Hata jina waliliita hilohilo, Njoo Mtondogoo, na watu waliipenda kupita kiasi.

Kila mtu aliipenda isipokuwa mmoja.

“Mzee wa mtondogoo!” kinyozi alianza kumwita asubuhi badala ya salamu. Watu wasio na saa hata ya ukutani wakaja na simu mkononi: fundi, tunaomba useme lile neno, tukurekodi. Mama mmoja mtu mzima alimwinamia juu ya meza amwangalie suruali. Jamani! Mtu umekaa na heshima yako tangu ujana, umetengeneza saa za maharusi na za maiti, halafu mtoto uliyemzaa mwenyewe anakufanya kichekesho. “Kikulacho ki nguoni mwako,” alimwambia mkewe, akakataa katakata kuiona gemu hiyo, hata kuigusa.

Neno lake pia akaliacha. Akawa anasema, “Njoo Alhamisi.” Na Alhamisi watu wakaja, wote, wakakuta kazi haijaisha, na kwa mara ya kwanza maishani Fundi Majira akaitwa mwongo mbele ya mlango wake.

Kati yake na binti yake zikabaki salamu tu. “Shikamoo, baba.” “Marahaba.” Kisha kila mmoja anaitazama sahani yake, na mama wa watu katikati akisema kwa niaba ya wote wawili mpaka akachoka. Hali hiyo ilikwenda hivyo miaka miwili.

Halafu mkono wa kulia ukaanza kumtetemeka mzee. Mwanzoni alisingizia kibano, akanunua kipya. Siku moja akaitazama saa ndogo ya kike muda mrefu, akaifunga tena na kumrudishia mwenyewe: “Hii sitaiweza, dada. Mpelekee mwingine.” Mkewe, aliyekuwa ameleta chakula, alisikia kwa masikio yake. Alifunika chakula, akarudi nyumbani. Ila mdomo wa mama hauna kufuli mbele ya mtoto, na jioni ileile Kitinda alikuwa ameshajua.

Haikupita wiki, mama akaweka sahani mezani na habari juu yake. “Mwanao anataka kutengeneza gemu ya pili. Watu wanaidai. Lakini anasema bila ruhusa ya kinywa chako hagusi kitu, hata kama biashara yao itakufa. Na anaomba fundi wa humo aseme kwa sauti yako. Ile ya kwanza Kodi ndiye aliyekuigiza.”

“Alinifanya mwongo mara moja. Sasa anataka nijifanye mwenyewe?”

“Basi nenda ukamwambie hivyo. Mimi nimechoka kuwa simu yenu.”

Mzee akavaa shati la kutokea. Alikwenda na jambo moja tu moyoni: kukataza. Angemwambia Kitinda sitaki, na iishe. Na alijua pia, maana si mjinga, kwamba akilitamka hilo hata zile salamu mbili zitakatika, na atakufa akiwa na binti hai asiyesema naye. Alipanda ngazi akiwa na mawazo hayo, akishika ukuta.

Chumba kilikuwa na meza mbili, nyaya chini kila mahali, na godoro dogo limesimamishwa ukutani nyuma ya kipaza sauti kuzuia mwangwi. Kodi alipomwona aliinuka kwa haraka hata kiti kikaanguka. “Shikamoo, mzee. Ni mimi niliyekosea ile hesabu, mzee. Naomba radhi.”

“Marahaba. Siku nne,” alisema fundi. “Watoto wote wanajua.”

Kitinda hakuinuka. Alikuwa amekonda. “Shikamoo, baba.”

“Marahaba.” Badala ya maneno aliyoyaandaa njiani, akaropoka mengine. “Nionyeshe huyo mtu wako.”

Wakamkalisha mbele ya skrini, wakampa pedi ya kuchezea yenye vitufe. Fundi Majira mchezoni alikuwa balaa. Alitazama mbingu, akatazama miguu yake, akampiga farasi wake mwenyewe za nyuma, akasema amekuwa mwanapunda. Kodi akathubutu kumwambia farasi hazai punda, ni mtoto wa farasi tu yule, na mzee akajibu kwamba hata hivyo masikio ni ya punda. Kitinda aliziba mdomo kwa kiganja. Mkono ule unaotetemeka ulifanya bunduki icheze kwenye skrini.

Hatimaye akafika kwa fundi. Alikuwa pale, miwani, suruali kifuani, taa imeinama. “Njoo mtondogoo,” ikasema sauti ya Kodi puani.

Weee! Hasira ya miaka miwili ikampanda mzee. Akaielekeza bunduki kwenye kile kipara na kufyatua. Fundi wa skrini hakubadilika. Mzee akampiga za mbele, akampiga za nyuma, akashikilia kitufe mpaka kidole kikawa cheupe. Dakika zilimwagika kama mchele, zikamgusa na kuanguka, na yeye akaendelea kusokota skrubu yake wala hakuinua kichwa.

“Huyu mbona hapigiki?” alifoka. “Mmemharibu. Wote wanazeeka, yeye ana nini?”

Kodi akawa ghafla na kazi nyingi upande wa pili wa chumba.

“Hajaharibika,” alisema Kitinda. “Kodi aliandika kwamba kila mwenye uhai humo apokee dakika. Mimi nikaongeza maagizo yangu: isipokuwa fundi. Wachezaji wanatuandikia kila siku, wanadhani ni kosa. Si kosa, baba. Nilikuweka wewe kisha nikashindwa kukuzeesha. Ikaniogopesha, hata kwenye mchezo. Hao wengine wazeeke tu, wewe hapana.”

Mzee akaiweka pedi juu ya mapaja. Miaka miwili alikuwa akijua ametukanwa mbele ya dunia nzima. Alimtazama yule mtu wa skrini, safari hii bila hasira, akaona kwamba amechorwa na mtu aliyemtazama kwa makini na kwa muda mrefu, tena kutokea chini, kwa urefu wa mtoto.

“Na suruali?” aliuliza.

“Suruali ni kweli, baba.”

Akacheka, hakutaka lakini akacheka, na Kitinda naye, kisha kicheko cha Kitinda kikakatika. “Mama ameniambia habari za mkono,” alisema. “Naogopa. Kila simu ikilia naogopa. Nataka sauti yako iwe humu. Gemu hii ya pili, hata isipouzika, naitaka kwa ajili ya hilo.”

“Unaogopa nitakufa.”

“Ndiyo.”

“Nitakufa,” alisema mzee, kwa upole kabisa. “Hata mimi naogopa, tusidanganyane. Nilipomrudishia yule dada saa yake nilikaa nikajiuliza sasa mimi ni nani. Lakini sikiliza. Watu wameniletea saa zilizosimama miaka yangu yote, na hakuna hata mmoja aliyesema fundi, iache hivyohivyo. Saa isiyotembea si saa, mwanangu, ni bangili. Na huyu hapa uliyemkalisha miaka mia nne bila mvi, huyu siye mimi. Ruhusa yangu nitakupa, na sauti nitakupa. Kwa sharti moja. Futa hayo maagizo yako.”

“Baba, siwezi.”

“Futa. Nipigwe kama wenzangu.”

Kitinda alimtazama Kodi, Kodi akatazama dari. Basi akavuta kibao cha herufi, akatafuta mahali penyewe, na kufuta maneno yake mawili polepole, herufi moja baada ya nyingine. Baba yake akamsogezea pedi. Kitinda aliishika kwa mikono miwili. Alilenga, akashusha, akalenga tena, akafyatua dakika za mbele.

Nywele za fundi zikaanza kuwa nyeupe pembeni. Mashavu yakaingia, shingo ikapungua ndani ya kola, mgongo ukainama karibu zaidi na taa, na bibi mmoja wa gemu aliyekuwa akipita nyuma hakujali lolote. Kitinda alitazama skrini, akamtazama baba yake, kisha skrini tena. Walikuwa sawasawa.

“Ehee,” alisema mzee akiivua miwani na kuipangusa. “Huyo sasa namfahamu.”

Kitinda alilaza kichwa begani pake kama alivyokuwa akilala zamani kabla saa za ukutani hazijamwamsha, na akalia kwa sauti, bila kuficha. Mzee akampigapiga mgongoni kwa ule mkono wa kulia na hakujaribu kuutuliza.

“Haya, basi. Washa hicho kipaza sauti, mama,” alimwambia, “sauti bado ninayo.”

Kitinda akajifuta macho kwa mkono wa blauzi, akakiwasha.