Viatu vya Wanangu Vilivyochukuliwa na Bahari

Naona aibu kusimulia, lakini ngoja niseme. Mama yao alipofariki, niliwatoa wanangu wawili Mbekenyera nikawapeleka Lindi kuona bahari. Tulikuta maji yako mbali na manyunyu yanaanguka. Nikawavua viatu, nikaviacha mchangani, tukaenda kufukuza kaa.

Tuliporudi, viatu vilikuwa vinaelea. Nikavikimbilia, nikaanguka kifudifudi.

Mama mmoja aliyekuwa akiokota chaza akacheka. “Kaka, ndiyo mara yako ya kwanza baharini? Maji si hurudi!”

Zaituni, binti yangu wa miaka saba, akanitazama. “Baba, si ulikuwa unamwambia mama bahari unaijua, ni maji tu, ya nini kwenda?”

Nilimwambia marehemu hivyo kila alipoomba twende. Sikuwahi kuiona.